Maharage ya Saa Tano na Nusu

Saa tano na robo asubuhi kipimajoto kilichopigiliwa kwenye nguzo ya baraza kilisoma digrii kumi na tisa, na meza ya kwanza ilikuwa imeshapata watu: mama mmoja na binti yake, waliopanda kwa gari kukimbia joto la bondeni. Waliagiza maji ya ndimu yenye mnanaa, wakavua viatu, wakanyoosha miguu juani. Mgahawa ulikuwa na meza kumi na moja, zote nje, kwa kuwa wakati wa kiangazi hakuna anayepanda mita elfu mbili na mia tisa ili akae ndani. Soda na bia zilipozwa kwenye hodhi la mawe lililopitiwa na maji ya chemchemi, chupa zikiwa zimezama mpaka shingoni.

Mwenye mgahawa alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili. Jikoni alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyefika jana jioni na begi moja na visu vyake vikiwa vimefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa amepika miaka kumi na minane katika hoteli kubwa ya bondeni, mpaka hoteli ilipouzwa na mmiliki mpya akaja na wapishi wake. Tangu hapo miezi saba ilikuwa imepita bila kazi. Mpishi wa zamani wa mgahawa naye alikuwa amestaafu kwa sababu ya magoti.

Masharti yalikuwa yametajwa jana mezani, wazi.

"Shemeji, undugu tumeuacha getini," mwenye mgahawa alisema. "Kesho saa nane wanateremka wapanda mlima ishirini na watatu. Wanataka kuku, viazi na maharage. Walishe. Kuna mpishi mwingine anasubiri jibu langu kesho kabla ya saa kumi na moja. Ama nitamwita, ama nitamwambia asije."

"Ishirini na watatu?" shemeji alicheka. "Mimi nimelisha harusi za watu mia sita."

"Vizuri. Saa za kupikia zimeandikwa kwenye karatasi ukutani. Isome."

Aliisoma. Ilikuwa kwa mwandiko wa mpishi wa zamani: maharage yawekwe motoni saa kumi na mbili asubuhi, viazi vya kuchemsha, saa nzima; mayai magumu, robo saa na zaidi. Hapakuwa na maelezo mengine.

"Huyu mzee alikuwa anapika mawe?" aliuliza, akaenda kulala.

Yeye alipika kwa saa ya mkononi. Aliivaa uso wake ukiwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, ili asigeuze mkono anaposhika sufuria. Maharage yaliyolala kwenye maji yalihitaji saa moja na nusu. Alijua hivyo kama anavyojua njia ya kwenda kwao. Akayaweka motoni saa tano na nusu, akijipa saa nzima ya ziada ili asiitwe mzembe.

Mhudumu wa baraza, mwanamume mwembamba aliyeitwa Darubini kwa sababu ya chombo kilichoning'inia shingoni mwake, alikuwa na kazi mbili: kupeleka vinywaji, na kuhesabu watu kwenye kona ya njia itokayo kileleni. Kutoka konani hadi barazani ni mwendo wa dakika arobaini na tano, na jiko lilifuata hesabu yake. Kufikia saa sita alikuwa ameshampa mpishi mgeni jina.

"Bwana Dakika, hayo maharage yanachemka au yanaoga?"

"Wewe chunga glasi zako."

"Nauliza tu, kaka. Maana naona mvuke, lakini harufu ya kuiva siisikii."

Saa saba na dakika ishirini shemeji alichota maharage matatu, akayapuliza, akauma moja. Lilikatika katikati kwa sauti. Ndani lilikuwa jeupe kama chaki. Aliongeza kuni mbili. Maji yalitokota kwa nguvu zaidi, yakamwagika pembeni ya sufuria, yakazima nusu ya moto. Viazi alivyoviweka dakika ishirini zilizopita navyo vilikuwa vigumu. Uma uliingia ncha tu.

"Ishirini na watatu!" Darubini aliita kutoka barazani. "Kofia zote zipo! Na mmoja anachechemea!"

Ilikuwa saa saba na nusu.

Shemeji alifungua kitambaa cha visu, akatoa kipimajoto cha kupimia nyama. Alikitia kwenye maji ya viazi yaliyokuwa yakitokota. Mshale ulipanda, ukasimama kwenye tisini. Alisubiri dakika nzima. Haukusogea.

"Kimeharibika," alisema.

"Au wewe?" Darubini alikuwa amekuja kuchukua barafu.

Shemeji alimnyang'anya bakuli alilokuwa amelijaza, akamimina maji kidogo juu ya barafu, akachovya kipimajoto, akakoroga. Mshale ulishuka hadi sifuri, ukatulia hapo. Kipimajoto kilikuwa kizima. Alikirudisha kwenye sufuria, akasoma tena tisini. Alisimama akiitazama karatasi ya ukutani, safari hii kuanzia mstari wa kwanza.

Kisha akavua aproni, akatoka nje. Mwenye mgahawa alikuwa akiwamiminia mama na binti yake glasi ya tatu ya maji ya ndimu.

"Shemeji, nina neno."

"Sema hapa hapa. Hawa si wageni tena, wamevua viatu."

"Nimekosea. Maharage hayataiva saa nane. Pengine hata saa kumi. Maji ya hapa yanachemka kwa digrii tisini, si mia."

"Ndivyo yalivyo huku juu."

"Ulikuwa unajua?"

"Nina miaka ishirini na sita hapa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia usome karatasi."

"Karatasi haisemi kwa nini."

"Nawe hukuuliza kwa nini."

Mama mwenye maji ya ndimu aliweka glasi yake chini taratibu, asikose neno.

"Sawa," shemeji alisema. "Lakini mafuta hayajui kama tuko mlimani, na makaa hayajui. Kuku nitawachoma badala ya kuwachemsha. Viazi nitavikata vyembamba, nivikaange. Nabadilisha chakula cha leo. Unanipa ruhusa, au unampigia huyo mwingine sasa hivi?"

Mwenye mgahawa alitazama njia. Kofia zilikuwa zimefika kwenye daraja la mbao.

"Una dakika thelathini," alisema. "Na zako huwa unazihesabu vizuri."

Alirudi akikimbia. Kuku kumi na wawili, ambao bado walikuwa kwenye beseni la chumvi na vitunguu saumu, aliwapasua vifuani, akawalaza bapa juu ya makaa na kuwagandamiza kwa sufuria tupu. Alivimwaga viazi kwenye chujio, akavifuta kwa taulo, akavikata vipande vyembamba kama sarafu. Darubini, bila kuambiwa, alishika kisu kidogo akaanza kukata nyanya na vitunguu vya kachumbari.

"Usizoee," alisema. "Nakuonea huruma tu."

"Kata vyembamba zaidi."

"Ndiyo, Bwana Dakika."

Wapanda mlima walifika saa nane na dakika kumi na mbili. Walitua mizigo, wakazoa chupa kutoka hodhini, wakakaa. Kiongozi wao, mwalimu wa michezo mstaafu, alitangaza kwa sauti kwamba tangu kileleni amekuwa akiwaahidi watu wake maharage.

Shemeji alitoka mwenyewe.

"Maharage hayapo, mwalimu. Bado magumu. Niliyaweka motoni kwa saa za bondeni."

Yule aliyekuwa akichechemea aliuliza, "Kwani kuna nini cha kula?"

"Kuku wa kuchoma, viazi vya kukaanga, kachumbari, mkate. Baada ya dakika kumi na tano."

"Basi mpishi, unatuchelewesha kwa maelezo."

Chakula kilitoka saa nane na nusu. Paja moja lilirudishwa kwa kuwa na damu karibu na mfupa. Lilichomwa tena, likaliwa. Kufikia saa tisa na dakika ishirini sahani ishirini na mbili zilikuwa tupu, na moja ilikuwa na vitunguu vilivyosukumwa pembeni. Watu kumi na wanne waliagiza bia ya pili. Mama na binti yake, ambao hawakuwa wamepanga kula, waliomba kuku nusu.

Mwenye mgahawa aliingia jikoni, akaonja kiazi kimoja kilichobaki kwenye karai, akaongeza chumvi, akaonja kingine.

"Kesho unaamka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na moja na nusu. Ila kwanza nina maswali kama ishirini kuhusu ile karatasi."

"Utaniuliza tukisafisha."

Akapita kwenda ofisini. Saa kumi na dakika tano alimpigia yule mpishi mwingine, akamwambia nafasi imeshapata mtu, akamshukuru kwa kusubiri, akakata simu.