Medali ya Mukengere

Vita ilipokaribia Bukavu, mwanzoni mwa mwaka 2025, watu walivuka mpaka wa Rusizi kuingia Rwanda na magodoro, masufuria na watoto mgongoni. Ushindi Mukengere alivuka na sanduku la bati la rangi ya bluu. Alikuwa fundi wa saa, mtu mwembamba wa miaka sitini na mmoja, na sanduku lilikuwa zito mno kwake. Alilitua kila baada ya hatua chache mpaka akafika Gihundwe, nyumbani kwa Védastine. Akaliweka katikati ya sebule, akaketi sakafuni kando yake.

"Maman Védastine," alisema, "hii njo maisha yangu. Unitunzie. Mimi narudia, bibi yangu hawezi kutembea."

Védastine alikuwa mjane na mwalimu wa Kifaransa. Alikulia Bukavu kabla familia yake haijarudi Rwanda, na tangu usichana wake alikusanya medali za kumbukumbu: za jubilei za parokia, za maonyesho ya kilimo, za kampuni za Wabelgiji zilizokufa zamani. Ushindi alikusanya saa za mezani na mapambo ya bronzi. Walijuana miaka ishirini. Mara moja kwa mwezi Védastine alivuka kwenda kwenye kibanda chake, wakapokezana kioo cha kukuzia na kubishana juu ya herufi zilizofutika mgongoni mwa medali. Majirani wengine walidhani kuna jambo. Mke wa Ushindi, ambaye ndiye aliyewaletea chai, alikuwa akicheka tu.

Ndani ya sanduku mlikuwa na saa moja kubwa, yenye mwanamke aliyeketi juu yake ameshika mganda wa ngano. Ushindi alimwambia kila mteja kwamba ile ni bronzi tupu, imetoka Paris. Chini ya saa kulikuwa na medali thelathini na nne, kila moja ndani ya soksi kuukuu. Moja ilikuwa na historia yake. Baba yake alikuwa msimamizi wa waashi kwenye daraja moja la barabara ya kusini, enzi za Wabelgiji. Daraja lilipofunguliwa, kampuni iliwapa wasimamizi medali: mbele picha ya daraja, nyuma jina la mtu lililochongwa kwa mkono.

Wiki moja baada ya Ushindi kurudi Bukavu, nyumba yake iliporwa, kisha ikaungua upande wa nyuma. Picha za baba yake ziliteketea, pamoja na vyeti na kitabu cha ndoa ya wazazi. Alipiga simu kumweleza Védastine, akamaliza kwa sauti ya chini: "Jina la mzee limebaki pahali pamoja tu. Kwako."

"Iko salama," Védastine alimjibu.

Alikuwa amelisukuma sanduku chini ya kitanda chake, kando ya sanduku jingine, jeusi, alimoweka vitasa vya milango, mabomba na vishikizo vya madirisha alivyookota nyumba za zamani za Cyangugu zilipobomolewa. Hivyo havikuwa na thamani kubwa. Aliviokota kwa sababu hakuweza kuvumilia kuona shaba ikilala kwenye matope.

Mwishoni mwa Mei, mdogo wake Mutabazi, ambaye humwita Yaya kama dada mkubwa, alimpigia simu Védastine akiwa darasani. Mutabazi alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga kule Bugarama.

"Yaya, bushi ya mashine imekwisha kabisa, ile pete ya shaba inayoshika mhimili. Mpya itachukua wiki tatu kufika. Mpunga wa bantu, wa watu wote hapa, umejaa kwangu mpaka barazani, na mvua haijaisha. Fundi anasema nikimletea shaba nzito ya zamani atayeyusha, atengeneze nyingine. Wewe uko na ile sanduku."

Wanafunzi walikuwa wakipiga kelele. Védastine aliziba sikio moja kwa kiganja.

"Chukua," alisema. "Iko chini ya kitanda. Ufunguo wa nyumba uko nao wewe."

Hakumwambia kwamba masanduku yalikuwa mawili. Jioni alipofika nyumbani hakuinama kutazama. Siku iliyofuata Mutabazi alituma ujumbe kwamba fundi ameanza kazi, na yeye akafurahi kwa ajili yake.

Siku kumi na mbili zilipita. Ijumaa mchana Ushindi alipiga simu, na kwa mara ya kwanza tangu Februari sauti yake ilikuwa nyepesi. Mke wake alikuwa ameanza kusimama. Walikuwa wamepata vyumba viwili kwa shemeji yake. "Kesho asubuhi nakuja kuchukua vitu vyangu," alisema. "Nataka kuweka jina la baba ukutani, wajukuu baone."

Védastine alichukua kitambaa laini, akapiga magoti, akaliburuta sanduku. Lilikuwa jeusi. Alilifungua hata hivyo. Akavitoa vitasa kimoja kimoja na kuviweka sakafuni, kana kwamba medali zingeweza kuwa zimeteleza chini yake. Kisha akalala kifudifudi na kutazama chini ya kitanda, akapitisha mkono mpaka ukutani.

Alimpigia Mutabazi mara nne bila kujibiwa. Mara ya tano alisikia kwanza ngurumo ya mashine.

"Ulichukua sanduku gani?"

"Ile ya bluu. Ilikuwa mbele."

"Ile ya bluu si yangu."

Mashine iliendelea kunguruma. Mutabazi alitembea mbali nayo kabla ya kusema tena. "Yaya, mimi niliona vyuma vya zamani. Sikujua."

"Vimebaki?"

"Niliacha vyote kwa Cyusa, fundi. Bushi ya kwanza iko inafanya kazi. Ya pili alikuwa aitengeneze wiki hii."

"Nenda kwake sasa hivi. Mwambie asiguse kitu."

Saa moja baadaye Mutabazi alituma ujumbe: Cyusa amekwenda kwenye matanga Ruhwa, karakana imefungwa, atarudi kesho. Védastine alikaa kitandani na simu mapajani. Alifikiria kumwambia Ushindi asije. Aliandika kwamba anaumwa, akafuta. Aliandika kwamba amesafiri, akafuta hiyo pia.

Alfajiri alijiandaa kuwahi Bugarama, lakini alipofungua geti saa moja asubuhi Ushindi alikuwa amesimama pale, amevaa koti lake la kanisani. Mkononi alikuwa na kitenge cha kufungia saa.

"Unaenda wapi na mapema hii?" alimuuliza akitabasamu.

Alimwambia palepale getini. Alieleza kila kitu, hata neno lake mwenyewe, "chukua." Ushindi alimsikiliza akikunja kile kitenge, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama kitabu.

"Siku ngapi?"

"Kumi na mbili. Leo ya kumi na tatu."

"Twende," alisema.

Walipanda gari la kwenda Bugarama. Barabara ilishuka, hewa ikawa ya moto, na mbele yao bonde la mpunga likafunguka, mpunga umetandazwa kwenye maturubai kila upande. Védastine alikuwa akisali bila kumalizia sala hata moja. Aliomba isalie medali ile tu. Zote nyingine ziende.

Mutabazi aliwapokea kofia mkononi, akawapeleka kwa Cyusa nyuma ya vinu. Cyusa alikuwa mtu mzima mpole, mwenye makovu ya moto kwenye mikono. Chini ya paa la bati kulikuwa na tanuri la makaa, chungu cha kuyeyushia na rundo la mchanga mweusi. Sanduku la bluu lilikuwa pembeni, wazi. Ndani mlikuwa na soksi tu.

Ushindi aliinama, akazitoa soksi moja moja na kuingiza vidole ndani ya kila moja. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

"Zile ndogo?" Védastine aliuliza.

"Zile ndogo ziliyeyuka vizuri sana," Cyusa alisema, halafu akaona uso wake na kushusha sauti. "Nilianza na zile. Zilikuwa bronzi safi, Maman. Siku hizi hatuipati vile. Zilitoa bushi mbili. Moja iko kwenye mashine, nyingine hii." Alionyesha pete nene iliyolala juu ya tofali.

"Na saa?"

"Saa iko." Aliwaonyesha uani. Mwanamke wa mganda wa ngano alikuwa amekaa juu ya pipa la maji, na ubavuni mwake kulikuwa na mkwaruzo mrefu, mweupe. Tumbo la saa lilikuwa tupu. Magurudumu ya ndani yaliyeyushwa pia. "Ile sikuigusa zaidi. Niliikwaruza nikaona si bronzi. Ni zinki, imepakwa rangi juu. Ingeniharibia chungu."

Ushindi alikwenda kwenye pipa. Alitoa kioo chake cha kukuzia mfukoni, akakibana jichoni, akatazama mkwaruzo kwa muda mrefu. Miaka thelathini alikuwa ameifuta saa ile kila Jumapili. Hakuwahi kuikwaruza.

"Maman Védastine," alisema bila kugeuka. "Wewe ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema hapana. Mwaka wa pili wa urafiki wao alikuwa ameigeuza saa ile chini juu wakati Ushindi akihudumia mteja, akaona mahali rangi ilipobanduka, akairudisha kimya.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Ulikuwa unaipenda, Papa Ushindi."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu miaka. Kisha akamgeukia Mutabazi. "Nionyeshe ile ingine. Ile iko kwenye mashine."

Mbele ya kinu watu walikuwa kwenye foleni, kila mmoja na magunia yake. Mutabazi alizima mashine. Ukimya ulipoingia, mama mmoja mkulima, Patricie, aliyekuwa amefikia zamu yake, aliuliza kama imekufa tena. Mpunga wake ulikuwa umelala pale wiki nzima na ulianza kunuka. Mutabazi alichukua spana, akafungua kifuniko na kusukuma mhimili kando.

Bushi ilikuwa inang'aa, ya moto, imejaa mafuta. Ushindi aliipangusa kwa kile kitenge cha saa. Akabana kioo jichoni, akainama juu yake, akaitafuta. Alifuata ukingo wote, akarudi mwanzo, akafuata tena. Védastine alisimama nyuma yake, na kwa muda fulani hata yeye aliamini kwamba huenda herufi moja imebaki. Foleni ilisogea kutazama. Mtu mmoja aliuliza kwa Kinyarwanda yule mzee anatafuta nini.

"Yaya, anaweza kuiondoa kama anataka," Mutabazi alinong'ona. Macho yake yalikuwa mekundu. "Aondoe zote mbili. Mimi nitajua la kuwaambia hawa bantu."

Ushindi alisikia. Alitazama magunia, kisha Patricie, ambaye alikuwa ameweka mkono juu ya gunia lake kama juu ya mtoto mgonjwa.

"Funga," alisema.

Waliporudi Cyangugu walishuka pamoja mpaka mpakani, kila mmoja ameshika upande mmoja wa saa. Kitenge kilikuwa na mafuta, kwa hiyo Védastine aliifunika kwa shali yake. Kabla ya daraja la mpaka alisema lile alilokuwa akiliandaa tangu Bugarama, kwamba medali zake zote, mia moja na kitu, ni za Ushindi kuanzia leo.

"Nifanye nazo nini?" alimuuliza. Hakuwa amekasirika, na hilo lilimuumiza Védastine zaidi. "Ziko na majina ya bantu bengine."

Afisa alitaka kujua kilichofunikwa. Mara nyingi Védastine alikuwa amemsikia Ushindi akieleza asili ya saa ile, kwa fahari, dakika nzima. Safari hii Ushindi alisema, "Saa ya zinki. Haitembei," akavuka nayo peke yake. Alimrudishia shali kwanza.

Wiki zilizofuata Védastine alimpigia Ushindi simu, ikaita bila kupokelewa. Alituma salamu kwa mke wake, akajibiwa kwa heshima, kwa maneno machache. Akaacha kufungua makabati ya medali zake. Mutabazi alileta gunia la mchele mpya. Alilipokea, akampa jirani.

Jumapili moja ya mwisho wa Juni, baada ya misa, aliona ujumbe wa sauti wa Ushindi. Aliusikiliza akiwa amesimama uwanjani mwa kanisa.

"Maman Védastine, mbote. Nimepata fundi wa mbao, atachonga jina la baba kwenye ubao. Ananiuliza niliandike vile lilikuwa. Ile medali, walianza na Mukengere ao walianza na Callixte? Na kwenye Callixte, L ilikuwa moja ao mbili? Nimekaa siku tatu, nafunga macho, sioni. Wewe njo uliishika wa mwisho. Uniambie."

Alitembea mpaka nyumbani haraka, akachukua kalamu. Aliandika jina kwa kila namna, juu hadi chini ya ukurasa. Kila namna ilionekana sawa. Alikumbuka uzito wa medali, alikumbuka daraja lenye matao matatu, alikumbuka kwamba mchongaji alikuwa ameteleza kidogo mwishoni. Jina lenyewe halikuja. Aliona angeweza kuchagua moja. Ushindi angeamini, fundi angechonga, wajukuu wangesoma, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kusema si kweli.

Alikaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Kisha akabonyeza simu na kuongea.

"Papa Ushindi, sikumbuki. Nimejaribu sana. Sikumbuki."

Jibu lilikuja baada ya saa nzima, fupi, kwa sauti ya uchovu. "Aksanti, Maman. Na mimi vilevile."