Aliyeponywa Hamezi Dawa

Mwaka wa themanini na nne Nzilani alikatwa goita, na daktari akamwambia kwa Kiswahili cha kueleweka: tezi yote imetolewa, kwa hivyo utameza kidonge kila asubuhi mpaka siku ya kufa. Akarudi kwake, kijijini Tulia, akawa anameza. Hakusumbuliwa na mtu mpaka alipokwenda kanisani.

Huko ndiko mambo yalikoharibikia. Alitoa ushuhuda jinsi Mungu alivyomwondolea ule uvimbe, watu wakapiga vigelegele. Jioni hiyohiyo akajiwa nyumbani na Kalunde, kiongozi wa akina mama na wa mwethya, kile kikundi chao cha kuchimbiana mitaro ya shamba kwa zamu. Kalunde akamwambia aliyeponywa hamezi dawa. Akiendelea, ushuhuda wake ni uongo mbele za Mungu. Nzilani, maskini, akaviacha vidonge.

Miezi minane! Sauti ikawa nzito, uso ukavimba, nywele zikakatika, akawa anavaa sweta kwenye jua la Septemba. Katika mashamba ya wenzake alisinzia amesimama, jembe mkononi. Na ni nani aliyekuwa wa kwanza kumwita mvivu? Kalunde huyohuyo. Haki ya Mungu, kuna watu wana macho makavu.

Mumewe, Nzomo, ndiye aliyemrudisha hospitali, akaanza vidonge upya. Lakini dawa hiyo haina haraka, na hata ikishakubali, kuna siku mtu huamka amechoka kana kwamba hakulala. Nguvu zilikuwa hazijarudi zamu yake ya kuchimbiwa ilipokaribia. Shamba lake ni la mteremko. Mvua ikilikuta halina mitaro, udongo wote utaishia mtoni.

Siku moja kabla ya zamu yake, wanawake walikuwa wamepumzika shambani kwa Mumbua wakila isyo, mahindi yale magumu na maharagwe. Kalunde akasimama akataka Nzilani afutwe: hachimbi, na tena amerudia vidonge, hana imani. Wengine wakainamisha vichwa, wanafiki wakubwa.

Hasira zilimpanda Nzilani. Alikuwa amemeza matusi mwaka mzima. Akainuka.

"Mwaitu," alisema, kwa ile heshima ya kumwita mama, "ufizi wako ulipopona ulimshukuru Mungu. Basi toa hayo meno ya kununua, utafune isyo kwa imani."

Kalunde akaziba mdomo kwa leso. Mumbua akaguna, kisha wote wakaangua kicheko. Nzilani hakucheka.

"Wewe uling'olewa meno, mimi nilitolewa tezi. Kesho ni zamu yangu. Mwenye jembe aje. Mwenye maombi peke yake abaki kwake."

Asubuhi walifika kumi na saba, Kalunde nyuma yao. Nzilani akamwonyesha pa kuanzia: penye mawe.