Picha ya Ukutani Haishuki

Ko.

Nyuma ya pazia zito, Mabega aliisikia nyundo ikigonga meza, akajua bila kuona kwamba picha nyingine imepata mwenyewe. Yakafuata makofi, glasi zikagongana, kisha sauti ya mnadi, laini kama mafuta ya cherehani: "Inayofuata." Akaikumbatia iliyofuata, akatoka nayo.

Huu ulikuwa mwezi wa nane anabeba picha katika meli hii ya watalii. Kuzipandisha kwenye kisimamio cha miguu mitatu, kuzishusha, kuzifuta vumbi, kuzirudisha ukutani. Miguu ilimvimba hata viatu alivivua kwa kuvibembeleza. Mnadi, ambaye wahudumu walimbatiza Ulimi, kazi yake kuuza. Ya Mabega kuchoka. Kila mtu na fani yake.

Picha aliyotoka nayo ilikuwa ya milima, rangi imepakwa kwa kisu, nene kama siagi juu ya mkate. Asubuhi ile, wageni walipopita kuzitazama kabla ya mnada, alikuja mzee mmoja kashikwa mkono na mkewe. Alikuwa fundi saa mpaka macho yalipomzimikia. Mkewe alimsimulia kila picha, naye akiitikia kwa adabu tu, kama mtu anayetajiwa vyakula ameshashiba. Walipofika kwenye milima akanyoosha kidole.

"Imeandikwa usiguse, baba watoto," mkewe akanong'ona.

"Mimi sioni kilichoandikwa."

Mabega alipaswa kumzuia, lakini hata kuzuia watu kulikuwa kumemchosha. Akageukia dirisha. Mzee akapanda milima kwa vidole, polepole, akashuka bondeni, akapanda tena.

"Hii," akasema, "hii naiona."

Sasa ilikuwa juu ya kisimamio. Mke wa fundi saa aliinua kadi yake. Bibi mmoja mwenye kofia, upande wa pili, akainua ya kwake. Wakavutana hadi yule wa kofia akaona yasiwe mengi. Ko. Mzee akatabasamu kuelekea upande usio na mtu.

Mezani pa kutia saini, mkewe alianza kusoma karatasi yenye maandishi madogo kama mayai ya chawa, akachokea ukurasa wa pili, akamshikisha mumewe kalamu. Mabega alisimama kando na picha mikononi, akingoja kuirudisha mahali pake. Karatasi ile aliijua. Ilisema, kwa maneno ya kuzunguka, kwamba picha ya ukutani haishuki. Huzunguka na meli safari hadi safari, ikiuzwa na kuuzwa tena, na mnunuzi hutumiwa nyingine kutoka ghala la nchi kavu: mchoro ule ule, umepigwa chapa kwa mashine. Wenye macho hawakuwahi kulalamika.

"Mama, asitie saini kwanza," alijisikia akisema.

Mnadi akainua kichwa taratibu. "Mabega. Pazia linakuita."

"Mtakayoletewa nyumbani siyo hii, mzee. Ni pacha wake."

"Pacha ana milima?"

"Ya macho tu. Kwa kidole ni kioo cha saa."

Mzee akaiweka kalamu mezani. Katika foleni nyuma yao, yule bibi wa kofia, aliyekuwa amenunua picha ya maua mapema, akauliza, "Na maua yangu je? Nayo yana pacha?"

"Yote yameandikwa humo, mama, hatumfichi mtu," mnadi akacheka cheko la dukani. Kisha akamwinamia Mabega, kwa mnong'ono uliomfikia hata mzee na mkewe. "Unga wako umeumwaga mwenyewe. Wafungie hiyo hiyo wanyamaze. Bandari ijayo, na wewe unashuka."

Mabega aliitafuta hasira ndani yake asiione. Kulikuwa na kiti kitupu pale. Akaiegemeza picha mezani, akakaa. Miezi minane hakuwahi kukaa mbele ya wageni.

"Tumekuponza, mwanangu," mke wa fundi saa akasema.

"Wala, mama. Miguu inawashukuru."

Mabega alijua mke wake mwenyewe atamuuliza kilichomrudisha nyumbani kabla ya wakati, na kwamba jibu lenyewe, eti mzee kipofu alipapasa picha, litamfanya aonekane mpumbavu. Hilo nalo litasubiri zamu yake.

Mzee alikuwa bado hajaigusa kalamu. "Nimefungua saa za watu miaka arobaini," akasema. "Najua mtu anavyoweza kubadilisha mtambo, akakuachia kasha lile lile. Nitajuaje kwamba hii ndiyo itakayoingia sandukuni?"

Mabega akamshika mkono, akauweka juu ya kilele kirefu kuliko vyote.

"Nitaifunga mimi, mzee, na wewe ukiwa umesimama hapo hapo. Kabla sijapiga msumari wa mwisho, nitakuachia uipapase yote. Ukikosa bonde moja tu, nafungua upya."