Flashi ya Marehemu Théodore

"Haina kitu, mama. Imekufa hii."

Hivyo ndivyo alivyosema mwenye cyber wa Rockey Street, na Léocadie wala hakushtuka, kwa sababu ndilo jibu alilopewa kila alikokwenda. Aliipokea flashi yake, akaifunga tena kwenye pembe ya kitenge, akashukuru. Siku hizi alikuwa anashukuru tu. Kubishana kunataka nguvu, na nguvu zake zote zilikuwa zimeishia kwenye cherehani na kwenye ngazi za jengo lao, ambalo lifti yake ilikufa zamani na haikuzikwa.

Sasa, flashi yenyewe ilikuwa na nini? Ilikuwa na sauti ya mumewe. Théodore alikuwa mtu wa Bukavu, mlinzi wa usiku hapa Johannesburg, na alipoona mapafu yake yanakataa kupona alifanya jambo moja la akili. Kwao, siku ya mahari, baba ndiye anayesimama mbele ya wageni na kumuuliza binti yake maswali matatu, ajue kama apokee au asipokee. Binti akijibu ndipo vitu vinaguswa. Théodore alijua hatakuwepo. Basi akaketi kitandani, akaweka kompyuta mapajani, akajirekodi akimuuliza Victoire maswali yake, na baada ya kila swali akanyamaza, akamwachia mtoto nafasi ya kujibu.

Léocadie alikuwepo chumbani siku hiyo. Aliambiwa asimamishe cherehani, akasimamisha huku amenuna, maana sare za kwaya zilikuwa zinangojwa na mwanaume anaongea na ukuta. Alilisikia swali la kwanza: "Victoire, binti yangu, hawa watu unawajua?" Akalisikia la pili: "Tupokee?" Kimya kile cha pili kikarefuka, yeye uvumilivu ukamwishia, akakanyaga mashine tena. La tatu hakulisikia. Aliona tu midomo ya mumewe ikicheza, na kwamba alisema maneno mengi kuliko yale mawili ya kwanza, na kwamba mwishoni alicheka kidogo.

Alijisemea atalisikia siku ya mahari. Kulikuwa na haraka gani?

Théodore akafa mwaka 2017. Matanga hayajaisha, wezi wakavunja mlango wakaondoka na kompyuta. Flashi ilibaki kwa sababu ilikuwa kwenye kopo la vifungo, na mwizi gani anaiba vifungo? Mwaka uliofuata kijana mmoja wa Joubert Park, Glody, mzaliwa wa Likasi, akamtaka Victoire. Siku ya mahari ikapangwa, Jumamosi. Ndipo Léocadie alipoitoa flashi kwenye kopo na kuanza kuzunguka nayo, na kila mashine iliyochomekwa ikasema haisomeki. Mwenye cyber alikuwa na Windows, akasema imekufa. Muumini mmoja pale kanisani alikuwa na Mac, nyembamba kama sahani, akasema kama Mac imeshindwa basi hata Mungu ameshindwa. Astaghafiru! Na alikuwa shemasi.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza marehemu alikuwa anatumia kompyuta ya namna gani.

Maana Théodore alikuwa na mambo yake. Alisomea kompyuta kidogo kabla ya vita kumtoa kwao, na kwenye ile laptopu yake ya zamani aliweka Linux. Ilikuwa ya bure, haikumsumbua, akaipenda. Lakini wee, alivyopata taabu kwa watu! Pale kanisani walimwambia Linux ni ya wezi wa benki, kwamba polisi wakiikuta kwako unakwenda ndani. Wengine wakasema kitu cha bure ni cha maskini, kina kasoro fulani, ndiyo maana hakiuzwi. Wengine wakaapa kwamba Windows ndiyo kompyuta yenyewe, hayo mengine ni kuigiza. Na wa Mac wakakaa pembeni wakitabasamu, kwa sababu wao walisikia kwamba Mac haishiki virusi hata uiloweke.

Mwanzoni Théodore alieleza. Alichora kwenye karatasi, akasema hizi zote ni namna tu za kuendesha mashine, kila moja ina uzuri wake na uchovu wake, hakuna ya shetani wala ya malaika. Watu wakamsikiliza, wakatikisa kichwa, wakarudia yale yale Jumapili iliyofuata. Mwishowe akawa anajibu "ehe" tu. Na Léocadie hakumsaidia. Alimwambia, mbele ya watu, "Si uweke Windows kama wenzako? Unatutia aibu." Théodore akamtazama, akasema, "Nimechoka, Léo." Wakati ule aliona ni jibu la mtu mkaidi. Sasa alilielewa mpaka kwenye mifupa.

Siku chache kabla ya Jumamosi ile alikuja Kagendo kupimwa gauni. Kagendo ni Mkenya, anafanya kazi benki moja huko Sandton, mteja mzuri asiyegombana juu ya kola. Alisimama katikati ya chumba mikono juu, pini zimemzunguka kiuno, akamwona Léocadie anafuta macho kwa ncha ya futi.

"Mama Victoire, ni nini? Si uniambie."

Léocadie akamwambia, kwa kifupi, kama mtu anayesoma tangazo alilolisoma mara nyingi.

"Na Baba Victoire alikuwa anatumia kompyuta gani?"

Léocadie aliacha pini mdomoni. "Ile yenye picha ya pengwini," alisema. "Linux."

"Basi flashi haijafa!" Kagendo alisahau pini, akageuka, zikamchoma. "Woi! Sikiza. Linux ina namna yake ya kupanga vitu kwenye flashi. Windows haiijui namna hiyo, Mac pia haiijui. Zikiona kitu zisichokijua zinasema hakuna kitu. Mimi niko na laptopu yenye Linux, ya kazi. Jumamosi asubuhi nakuja nayo, tunaifungua, tunaunganisha na spika, mzee anaongea. Lakini jambo moja, mama. Yeyote asiichomeke. Windows itamuuliza kama aifomati. Akikubali, imefutwa."

Léocadie alikaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kumwambia habari isiyohitaji pole. Alicheka, kisha akalia, kisha akamalizia gauni la watu.

Alimpigia simu Parfait usiku huo huo. Parfait ni mdogo wake Théodore, msimamizi wa walinzi kwenye jengo moja la ofisi, na yeye ndiye aliyeandaliwa kuuliza maswali badala ya marehemu. Mtu mwema, Parfait. Alilipia jeneza, alibeba maji lifti ilipokufa. Lakini ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona mlango umefungwa bila kuusukuma.

"Usiiguse mpaka dada Kagendo aje," Léocadie alimwambia.

"Sharp, shemeji. Lakini hao Wakenya nao... Kompyuta zote za kamera kazini kwangu ni Windows. Kitu kikigoma kwa Windows, bon, kimegoma."

"Parfait."

"Nimesikia, shemeji. Siigusi."

Jumamosi ikafika. Chumba kilifagiliwa, cherehani ikafunikwa kitambaa cheupe, na juu yake Léocadie akaweka picha ya Théodore na flashi mbele ya picha, ili naye awe amekaa na watu. Parfait alileta spika na laptopu yake kwa ajili ya muziki. Kisha simu ikalia: Kagendo amekwama Louis Botha, barabara imechimbwa, magari hayasogei, lakini anakuja, wamngoje. Na simu nyingine ikafuata papo hapo: wageni wako chini getini, mlinzi anawakatalia kupanda.

Eish, hii nchi. Léocadie alishuka ngazi zote akiwa na viatu vya harusi mkononi, akabembeleza mlinzi, akawasalimu wakwe, akawaongoza kupanda taratibu, maana mzee wao Marcellin alikuwa na goti linalomsumbua. Kila ghorofa walisimama kupumua. Wakiwa ghorofa moja kabla ya yake, akasikia muziki umeanza juu, na sauti ya Parfait ikiita kwenye ngazi kwa furaha.

"Shemeji! Imefunguka!"

Alidhani Kagendo amepita njia nyingine. Aliwaacha wakwe kwenye ngazi, jambo ambalo halifanyiki, akakimbia.

Chumbani hapakuwa na Kagendo. Palikuwa na Parfait, anatoka jasho, anatabasamu, na flashi imechomekwa kwenye laptopu yake.

"Niliona wageni wanapanda na huyu Mkenya hafiki," alisema. "Nikasema shemeji asiaibike. Unajua ilikuwa na nini? Ilikuwa imejaa Linux! Ndiyo ilikuwa inaizuia. Windows yenyewe iliniambia nisafishe kwanza, nimekubali, nimeitoa yote. Sasa iko safi kabisa. Hata nyimbo za leo nimeziweka humo, tazama, zinapiga."

Léocadie alitazama. Kulikuwa na nyimbo. Hakukuwa na kitu kingine.

"Na sauti iko wapi, Parfait?"

"Sauti?" Parfait aliangalia kioo cha kompyuta, akatelezesha kidole chini, akakipandisha juu, akakishusha tena. Tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. "Si nilidhani... Linux ikitoka, sauti inabaki. Linux si ndiyo virusi yenyewe? Shemeji, mimi nilidhani sauti inabaki."

Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Léocadie angepiga kelele jengo zima lisikie. Lakini alikuwa Parfait, aliyebeba maji, na sasa alikuwa amesimama kama mtoto aliyevunja bakuli la watu. Hasira ilimpanda Léocadie mpaka kooni, ikakuta pamejaa uchovu, ikakosa pa kupita. Alikaa kwenye kiti cha kushonea. Mlangoni wakwe walikuwa wanavua viatu.

Kagendo aliingia nyuma yao akihema, laptopu kifuani. Alimtazama Léocadie, akatazama flashi kwenye laptopu ya Parfait, akaichomoa. Akaichomeka kwenye mashine yake kwa dakika chache huku soda zikigawiwa, kisha akainama sikioni mwa mama. "Kama angeifomati tu, pengine tungepata chochote. Lakini ameandika nyimbo juu yake, zimeifunika sauti. Pole, mama. Pole sana."

"Ehe," alijibu Léocadie.

Mzee Marcellin akasimama, akasema yaliyowaleta. Vitenge vikafunuliwa, chumvi, sabuni, blanketi la bibi. Ikabaki swali. Watu wote wakamgeukia Parfait, na Victoire, aliyekaa kwenye mkeka kitambaa kichwani, akainua macho kutafuta spika. Aliahidiwa sauti ya baba yake. Hakuna aliyepata ujasiri wa kumwambia.

Parfait alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Mwanangu," alisema Léocadie.

Mzee Marcellin alikohoa. "Mama, samahani. Kwetu sisi, mwanaume ndiye anauliza."

"Hata kwetu, mzee. Lakini aliyeuliza amekwisha kuuliza. Mimi narudisha maneno yake tu." Hakusimama. "Victoire, binti yangu, hawa watu unawajua?"

Alivuta pumzi katikati, pale pale Théodore alipovuta, kwa sababu mapafu yalikuwa yanamkatisha. Victoire aliitambua pumzi ile.

"Nawajua, papa."

"Tupokee?"

Akanyamaza kirefu, kama Théodore. Safari hii alikaa ndani ya kimya kile mpaka mwisho wake, hakukanyaga kitu.

"Pokeeni."

Likabaki la tatu. Léocadie alitazama picha pale juu ya cherehani. Alitafuta ile midomo iliyocheza, yale maneno mengi, kile kicheko. Hakuna. Palikuwa na kelele ya mashine tu, na sare za kwaya. Wageni wakaanza kutazamana. Akasema kilichokuja.

"Tupokee? Ukitaka kukataa, mama, kataa sasa hivi. Usione haya kwa ajili ya vitenge vya watu. Mimi nipo."

Victoire alilia kwa sauti, akajibu akilia kwamba wapokee, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka majirani wakagonga ukuta. Mzee Marcellin aliketi bila kusema neno juu ya mwanaume na mwanamke. Parfait alitoka nje kwenye ngazi, akakaa huko muda mrefu.

Jioni, wageni wakiwa wameondoka, mama na binti waliosha vyombo. Victoire aliikausha sahani ile ile mara nyingi.

"Mama. Lile la mwisho. Ndivyo papa alivyosema?"

Léocadie alikuwa amechoka sana. Mikono yake ilikuwa ndani ya maji, na maji yalikuwa yamepoa.

"Ndivyo alivyosema," akajibu. "Halafu akacheka kidogo."

Victoire akaweka sahani kabatini, akachukua nyingine. Na kwa mara ya kwanza tangu alipoitoa flashi ile kwenye kopo la vifungo, Léocadie akasema kilichokuwemo ndani yake, na hakuna aliyembishia.