Saa ya Mama

Kibibi hakuwa mtu wa kumwaga mambo ya nyumba yake barabarani. Siku Dunstan, mpiga picha wa televisheni, alipopanda Newala kuulizia shida ya maji, alimkatalia. Bomba la mtaa lilikuwa kavu tangu Machi, kila mwenye macho aliliona. Cha kuuliza kilikuwa kipi?

"Shikamoo, mama," Dunstan alirudi tena kesho yake. "Nikipata mtu wa kusema yaliyomfika, wakubwa watasikia. Kipindi kitatoka Jumapili saa mbili na nusu usiku, baada ya taarifa ya habari. Saa hizo waziri na mkurugenzi wote wako mbele ya televisheni."

"Marahaba. Ngoja nimwulize mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa bintiye, Shakila. Mwezi wa tano, na mimba yake ya miezi saba, Shakila aliteleza kwenye jiwe la mteremko wa bondeni akiwa na ndoo kichwani. Mtoto alizaliwa siku ileile, na hakulia. Mtaani wakasema binti yule hajui kujitunza. Mumewe akayabeba maneno hayohayo akarudi nayo kwao Masasi, na hajaonekana tena.

"Kama wakubwa wataona na maji yakatoka, sema," Shakila alijibu. "Kama ni watu wa hapa kunitazama tu, usiseme."

Basi Kibibi akasema. Alisema yote mpaka akalia, na jiwe lenyewe akalionyesha.

Jumapili jioni alikaa kwenye hoteli ya Sultani, yenye televisheni pekee ya mtaa. Taarifa ya habari ikaisha. Ikaingia tamthilia ya nje, watu wenye nyumba za ngazi wakisalitiana kwa zamu. Kibibi aliwavumilia mpaka mwisho. Sultani, aliyekuwa na namba ya Dunstan, akampigia na kumpa mama simu.

"Samahani, mama, wamekisogeza," Dunstan alisema. "Jioni ni ya watu waliotoka kazini, wanataka kupumzisha akili, na wenye matangazo wanazigombea saa hizo. Lakini hamkutupwa. Mmepewa kesho saa tatu asubuhi, kwenye kipindi cha Saa ya Mama. Wataalamu wanasema saa hizo akina mama wameshamaliza kazi, wametulia nyumbani."

"Mwanangu, saa tatu mimi niko bondeni. Ndiyo saa uliyonipiga picha."

"Mimi napiga picha tu, mama. Ratiba wanapanga wengine."

"Basi msikitoe kabisa."

"Kimeshapangwa."

Siku hizi vituo vya televisheni ni vingi, kila mtu anachagua apendacho, ndivyo tulivyoambiwa. Kibibi hakuchagua kitu. Alirudi nyumbani akamweleza Shakila, naye Shakila akajifunika. Alfajiri mama akachukua ndoo na kata yake akateremka, kwa kuwa maji hayana ratiba ya wataalamu. Chozi la samaki huenda na maji. La Kibibi lilikwenda na ratiba.

Saa tatu ilipogonga, hapakuwa na mwanamke mtaani wa kutazama Saa ya Mama. Wote isipokuwa Shakila walikuwa kwenye foleni ya chemchemi kule bondeni. Lakini televisheni ya Sultani ilikuwa inawaka, na mbele yake walikaa wale ambao kweli walikuwa wametulia saa hizo: wanaume saba, chai na maandazi, na bao katikati.

Kibibi alifika juu karibu na saa tano, akapita mbele ya hoteli, shingo ikimuuma.

"Mama Shakila, tumekuona," Sultani alimwita. "Umetoka vizuri sana. Kumbe lile jambo la Shakila lilikuwa hivyo? Sisi tulikuwa hatulijui lote."

"Ila pale ulipoanza kulia wakakata, wakaweka tangazo la sabuni," mwingine alilalamika. "Tumekosa mwisho."

"Hebu tuonjeshe, mama, hayo maji ya kwenye televisheni," wa tatu alisema, wenzake wakacheka.

Kibibi alitua ndoo. Wakadhani anawapa, kikombe kikasogezwa. Alikipokea, akachota, akanywa mwenyewe polepole mpaka tone la mwisho, akakirudisha mezani. Kisha akainama kuinua ndoo, ndipo alipokumbuka kwamba ndoo iliyojaa haipandi kichwani bila mtu wa kukutwika. Aliwatazama wale saba. Wote walikuwa wamegeukia televisheni, ambako mwanamke wa studio alikuwa anaosha mchele, bomba wazi, maji yakimwagika bila mtu kuyakinga.

Shakila alikuwa amemwona mama yake kutoka nyumbani. Akaja, akashika upande wa pili wa ndoo.

"Kipindi wamekiona?" aliuliza.

"Wamekiona."

"Wakubwa?"

Kibibi aliisawazisha kwanza ndoo kichwani. Moyo ulimuuma kuliko siku ile ya jiwe, maana siku ile hakuwa amempeleka mwanawe kwenye maumivu kwa mkono wake.

"Hawa hapa," alisema.

Shakila aliwatazama wale wanaume mmoja baada ya mwingine. Kisha akavuta kanga ikamfunika uso, akatangulia nyumbani.