Tano Nukta Sita

Asubuhi ile dirisha la chumba cha dada lilikuwa linalia kwa ndani. Matone yaliteremka juu ya kioo, yakajikusanya kwenye fremu, na dada, shuka mbili mabegani juu ya koti, aliyafuta kwa kitambaa taratibu kama anayemfuta mtoto kamasi. Kila baada ya kufuta mara tatu alitulia, kiganja kifuani, akingoja pumzi imrudie.

"Acha, dada, nitafuta mimi."

"Wewe uliyaweka, mimi nayafuta. Tumegawana kazi."

Tukacheka. Kicheko chake kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kwisha.

Madirisha yale niliyanunua mimi. Miaka arobaini nimekuwa kiguu na njia: nimepakia mizigo, nimechimba mitaro, nimelinda maghala ya watu nisiowajua sura. Shule niliiokoteza, mwaka huku, miezi miwili kule. Nikikemewa tu, nilibeba mkoba nikaondoka. Dada ndiye aliyenilea mama alipotutoka, naye nilimwacha vivyo hivyo, si mara moja. Safari hii nilirudi kwa kuwa nilisikia kifua chake kimeharibika. Daktari alisisitiza jambo moja: chumba kisiwe na baridi. Nikajiambia, hili nitalifanya mimi, angalau hili.

Dukani kulikuwa na madirisha ya aina mbili, kila moja na kibandiko chake. Moja liliandikwa 1.2, jingine 5.6. Muuzaji alianza kunieleza, nikamkata kauli.

"Kusoma najua. Nipe ya tano. Hayo ya moja wauzie waliofeli."

Alinitazama, akaniandikia risiti. Nikayaleta nyumbani mwenyewe kwa mkokoteni, kifua mbele, kama bwana harusi.

Sasa msimu wa baridi ulikuwa unaelekea ukingoni, na fundi alikuja kutengeneza komeo lililolegea. Mtaani wanamwita Milimita. Wanasema hata mkate huupima kwanza kama umenyooka ndipo aule. Dada alikuwa amekwenda jikoni kuota moto. Milimita alifungua dirisha, akalifunga, kisha akainama kwenye kona ya kioo ambako kibandiko kilikuwa bado kimeganda.

"Mzee, hiki chumba ni stoo?"

"Cha kulala. Cha mgonjwa."

"Basi aliyekuchagulia madirisha haya hakutakii mema."

"Nilichagua mwenyewe."

Akavua kofia. "Nisamehe, mzee wangu."

"Usiniombe msamaha. Nieleze."

Akaweka kidole kwenye ile namba. "Hii inapima joto linalotoroka. Likitoroka jingi, namba inakuwa kubwa. Watu wengi hudhani ni alama za mtihani. Si alama, mzee, ni nafasi darasani. Wa kwanza ndiye bora. Wewe umechukua wa tano, na anakaribia kuwa wa sita." Akagonga kioo kwa ukucha. "Kioo ni kimoja, fremu ni chuma kitupu. Yale ya moja yana vioo viwili, na katikati hewa imefungiwa. Humu mnaipasha joto barabara ya nje."

Niliweka kiganja juu ya kioo. Sikuwa nimewahi kukigusa tangu nikiweke. Kilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Jikoni dada alikuwa ameketi karibu na jiko, magoti yakikaribia kugusa moto. Alinitazama mara moja tu, akajua.

"Milimita amekwambia."

"Kumbe ulijua?"

"Ndani ya boksi kulikuwa na kikaratasi cha kueleza ile namba. Nilikisoma siku ile ile, wewe ukiwa bado unafagia vumbi la saruji."

"Msimu mzima, dada! Umelala na koti msimu mzima! Kwa nini hukusema?"

Aligeuza mikono yake juu ya moto, upande mmoja, kisha wa pili. "Ningekwambia umekosea, ungeondoka."

Alilisema bila lawama, kama mtu anayetaja saa. Ndilo lililonimaliza. Nilikwisha kuondoka kwa ajili ya kikombe kilichovunjika. Nilikwisha kuondoka kwa ajili ya neno lililosemwa mezani, neno lenyewe hata silikumbuki. Nilidhani nimerudi kumtunza, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinitunza mimi, kwa kifua kile kile, pumzi kwa pumzi, asubuhi hadi asubuhi. Nilibaki nimesimama kati yake na jiko.

"Kaa basi," alisema. "Unanizibia moto."

Nikakaa.

Milimita alikuja mlangoni, utepe wa kupimia mkononi. Alisema vipimo amechukua. Mapya yakiagizwa leo yatafika baada ya wiki sita. Kwa sasa angeziba nafasi kwa karatasi ya nailoni.

"Wiki sita," dada alisema. "Ni nyingi hizo."

Milimita aliangalia kofia yake. Mimi niliangalia moto, nikaona kwamba na wenyewe unahitaji kuni.

"Mzee, jaza fomu," Milimita alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Wanaoyaleta wakifika hapa wasikute mtu, wanarudi nayo. Jina la atakayepokea, na mahali anapoishi."

Nikaichukua kalamu. Nikaandika jina langu, herufi moja moja, kwa mwandiko wangu wa kuokoteza. Kwenye mstari wa pili mkono ulisimama.

"Dada," niliuliza, "nyumba hii ni namba ngapi?"

Hakunicheka. Alifumba macho, akanitajia tarakimu moja, akavuta pumzi, akanitajia nyingine, nami nikaziandika kadiri zilivyokuja.