Mita Nne za Shangazi Dunia

Je, mtu anaweza kumbomolea nyumba aliyemlea, kisha akathubutu kujiita mwanawe? Nilikuwa na siku mbili za kulijibu swali hilo kabla ya mkutano wa mtaa. Zote mbili nilizipitisha nikigeuza dagaa juu ya chanja za shangazi Dunia, nikiyakwepa macho yake.

Nyumba ile aliijenga marehemu baba yangu. Kwa maandishi aliniachia mimi. Kwa maneno alimwachia dada yake aishi humo na kunilea. Shangazi alinilea kwa dagaa. Kila karo niliyolipiwa, tangu darasa la kwanza hadi chuo kikuu, ilianikwa kwanza mbele ya mlango ule.

Mwaka juzi nilirudi Ujiji kwa mafunzo ya vitendo, kwa kuwa ninasomea mipango ya ardhi. Kamati ya mtaa wetu ilikuwa imekubaliana jambo ambalo nililipigania katika vikao vitatu: kutoka ukingo wa maji hadi mita sitini pasiwe na nyumba, choo wala shamba, bali papandwe matete na miti, ili mizizi iushike udongo ambao ziwa lilikuwa likiumega kila masika. Nyumba ambazo zingebaki nyuma ya mpaka zingeruhusiwa kila moja uwanja mmoja wa kuanikia, ulio wazi hadi majini. Mwenyekiti, Mzee Gervasi, alinikabidhi ncha ya utepe wa kupimia. Aliwaambia watu kwamba mimi ni mtoto wao niliyesoma na sitampendelea mtu.

Tulipima siku za mwezi mkubwa, wavuvi wanapokuwa nchi kavu kwa sababu taa zao haziwavuti dagaa mbalamwezi ikiwaka. Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani kuzibwa nyufa, isipokuwa mmoja, wa mvuvi Asumani. Huo ulikuwa mbele ya nyumba yetu, nusu yake majini, umelowekwa ili mbao zivimbe na kushikana. Wazee wa pwani yetu huhesabu ufuko kuanzia mkia wa mtumbwi, kwa kuwa siku za kazi mkia ndio unaogusa maji. Kwingine kote nilianzia pale maji yalipoishia. Mbele ya nyumba yetu niliingia ziwani hadi magotini na kuishikiza ncha ya utepe kwenye mkia wa mtumbwi ule. Ikasomeka mita sitini na moja. Kutoka ukingo wa maji ingesomeka hamsini na saba. Hakuna aliyeuliza. Desturi ilinisitiri, nami nikajiambia kwamba nimeiheshimu.

Jirani yetu Nehemia alipimiwa mita hamsini na nane. Aliezua mabati yake kwa mikono yake, akahamia Simbo. Kabla ya kuondoka alinishukuru kwa kumfafanulia kanuni bila dharau. Shukrani ile inanichoma hadi leo.

Masika ya mwaka huu ziwa lilipanda. Palipoota matete, maji yaliingia taratibu na kurudi taratibu. Kwenye uwanja wetu mtupu, ambao ungekuwa matete kama ningepima kwa haki, yalipita kama njiani. Msingi wa mawe wa baba uliyahimili, yakauzunguka, yakaifikia nyumba iliyo nyuma yetu, ya mjane Veneranda, iliyojengwa kwa matofali ya udongo. Vyumba vyote viwili viliporomoka asubuhi moja akiwa sokoni. Aliokota mlango na sufuria mbili. Sasa amehifadhiwa na ndugu huko Rusimbi.

Hapo watu wakaanza kusema kwamba kanuni haina maana. Asumani alinitania hadharani, wenzake wakacheka.

"Msomi, kanuni yako imekula nyumba ya Nehemia, na ziwa likaja kula ya Veneranda. Mlikuwa mnashindana?"

Mkutano uliitishwa ili kanuni ifutwe. Ikifutwa, kila mtu angerudi kujenga majini, na alichokipoteza Nehemia kingekuwa kimepotea bure.

Mchana, siku moja kabla ya mkutano, nilimweleza shangazi kila kitu, na kwamba nyumba itabomolewa. Aliendelea kuchambua dagaa, akitenga waliovunjika.

"Ulifanya hivyo kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Nilikuomba?"

Nilisema hapana.

"Mimi nimelivuka ziwa hili nikiwa mgongoni mwa mama, tukitokea Kongo. Kuhama nimekwisha kukujua, Shadia. Karatasi ya kiwanja ina jina lako, najua. Lakini usije ukaniomba nikwambie umefanya vizuri."

Nilimwambia nimemtafutia chumba Mwandiga, chenye uwanja wa kuanikia. Aliniuliza, kwa upole kabisa, kama huko Mwandiga kuna ziwa. Kisha aliinuka na kuingia ndani, akaniachia dagaa.

Siku ya mkutano alifika akiwa amevaa kitenge chake cha Idi, akaketi kando ya Veneranda. Nilimwamkia. "Marahaba," aliitikia, kama anavyomwitikia mgeni. Veneranda alisogea ili shangazi apate kivuli. Mzee Gervasi alieleza sababu ya mkutano. Asumani akataka kanuni ifutwe, na mikono mingi ilikuwa imekwisha kuinuka nilipoomba nafasi. Shangazi alikuwa akiyatazama maji.

"Kanuni haikushindwa," nilisema. "Nimeshindwa mimi. Nyumba ninayomiliki imo ndani ya mita sitini. Nilianza kupimia majini ili isionekane, na maji yaliyoiangusha nyumba ya mama Veneranda yalipita hapo nilipodanganya. Naomba mnisamehe, na naomba kanuni ibaki. Kesho asubuhi naanza kuezua mabati, na uwanja wote nitaupanda matete."